Matembezi ya siku nzima na mbwa nje ya mji: panga safari ya kurudi kwanza

Mzee wa Vilima (mleta mada)

Wakuu, habari za wikiendi.

Juzi kuna mdau aliuliza mbwa mzima anaweza kutembea kilomita ngapi kwa siku, maana anataka kuanza kumtoa wake nje ya mji. Nilianza kumjibu palepale, jibu likazidi kurefuka, nikaona bora lipate uzi wake. Ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Hilo swali la kilomita ndilo lililoniponza mimi.

Nina mbwa anaitwa Bosi. Chotara, kilo 27, miguu mirefu, pumzi haiishi. Miaka kadhaa nyuma nilimpeleka vilimani, njia ya kilomita 14 kwenda na kurudi. Tulianza saa 3 asubuhi kwa sababu nilichelewa kuamka na sikutaka kuahirisha. Wakati wa kwenda alikuwa mbele yangu muda wote: anakimbia, ananigeukia, anakimbia tena. Nikajisemea huyu hata 20 anazimaliza. Tulipogeuza, jua lilikuwa utosini na njia nzima haina mti wa maana. Zilipobaki kilomita mbili kufika kwenye gari akaacha njia, akaingia chini ya kichaka, akaparua udongo wa juu mpaka ukatokea wa chini wenye ubaridi, akalaza tumbo pale. Namwita, anatikisa mkia mara moja, hainuki. Ulimi umetoka wote, ncha imepanuka kama mwiko, mate yamekuwa mazito yanavutika.

Maji niliyobakiwa nayo hayakufika nusu lita. Nilimmwagia yote tumboni na kifuani, nikampepea kwa kofia, tukakaa kivulini karibu saa nzima. Halafu nikambeba mabegani. Kilo 27 zinakuhemea sikioni, mate yanakutiririkia shingoni, na unasimama kila hatua hamsini. Alipona. Lakini ile siku nilielewa kwamba mbwa hakuambii amechoka. Anakwenda kwa sababu wewe unakwenda. Ukiona amelala, jua alishachoka kilomita tatu nyuma na wewe ulikuwa unapiga picha.

Tangu hapo naanza kupanga kurudi, kwenda kunafuata.

Hesabu yangu iko hivi. Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa hiyo njia ya kilomita 9 yenye mpando wa mita 300 ni kama saa mbili na dakika ishirini. Hiyo ni ya mtu mzima asiyesimama, lakini mbwa anasimama. Mimi naongeza theluthi nzima kwa ajili ya kunusa, kunywa maji na kubishana kuhusu mfupa uliookotwa njiani. Napata saa tatu. Sasa narudi nyuma: kama jua linaanza kuuma saa 4 asubuhi, lazima niwe nimeshaanza kutembea kabla ya saa 1. Ikishindikana, naichagua njia fupi. Sisogezi saa ya kurudi.

Pili, maji. Mbwa akiwa nyumbani ametulia anahitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo yake kwa siku. Wa kilo 20 ni kama lita moja. Akiwa njiani kwenye joto ni mara mbili ya hapo au zaidi. Usitegemee mto ulioonekana kwenye ramani, unaweza kuukuta mchanga mtupu. Napima hivi: theluthi moja ya maji ikishaisha na bado naelekea mbele, nageuza. Hata kama kilele nakiona.

Tatu, na hili wengi hatulipi uzito, chagua njia inayopita kivulini wakati wa kurudi. Kama ni mzunguko, uzungushe hivyo: sehemu ya wazi uimalize asubuhi na mapema, msitu uwe wa mwisho. Kuibadili njia ileile upande wa kuanzia hakukugharimu chochote.

Nikipata nafasi nitaendelea na vifaa. Karibuni.

Dada Filimbi

Nimeweka kambi hapa. Mzee, umenigusa kwenye ulimi kupanuka kama mwiko. Watu wengi wanasubiri mbwa aanguke ndipo washtuke, kumbe ulimi ndio kipimo cha kwanza.

Niongezee kidogo. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, yaani kwake kawaida tayari ni homa kwetu. Ikifika 41 hiyo ni hatari ya kufa. Na hana jasho la kumsaidia, anatoa kidogo tu kwenye nyayo. Kazi yote inafanywa na kuhema. Ndiyo maana mbwa wa pua fupi, Bulldog na Pug na wenzao, wasipelekwe matembezi ya hivi kabisa siku ya joto. Njia ya hewa yenyewe imebanwa.

Akizidiwa: kivulini, mloweshe maji ya baridi mwili mzima, mpepee, endelea mpaka kuhema kupungue, ndipo umkimbize kwa daktari. Kupoza kwanza, safari baadaye. Na usimfunike na taulo lililolowa halafu ukaliacha juu yake. Likishapata joto la mwili linageuka blanketi.

Mtoto wa Mjini

Kwa heshima zote wakuu, hivi hamwoni mnawadekeza? Mbwa wa wazee wetu walikuwa wanawinda kutwa nzima, hakuna aliyebebewa chupa ya maji wala kupepewa na kofia. Mbwa ni mnyama jamani.

Mzee wa Vilima

Mtoto wa Mjini, hoja yako ina ukweli nusu. Yule mbwa wa kuwinda alikuwa anatoka kila siku, amekonda, kwato zake... samahani, nyayo zake zimekomaa kama soli ya kiatu, mwili umelizoea joto. Wako na wangu wanalala sebuleni siku sita, ya saba tunataka wawe wale wawindaji. Mwili wa mbwa unahitaji wiki kadhaa kulizoea joto, hauzoei kwa Jumamosi moja. Isitoshe, ambao hawakurudi kutoka mawindoni hakuna aliyetuhadithia habari zao.

Mtoto wa Mjini

Hapo kwenye sebuleni umenipata 😂 Wangu analala hadi kwenye kiti changu. Endeleeni.

Mchunga Mbuzi

Naomba niseme kwa niaba ya upande wa pili, maana ninyi mnaokuja "nje ya mji" mnakuja kwetu.

Mimi ni mfugaji. Kila mwisho wa wiki wanapita watu na mbwa wao wazuri, wananisalimia vizuri, halafu wanamfungua kamba katikati ya malisho. Nikisema, jibu ni moja: "huyu haumi, anacheza tu." Sikatai, haumi. Lakini mbuzi mwenye mimba hajui kama anachezewa. Akikimbizwa mpaka akakosa pumzi anaweza kutupa mimba bila kuguswa hata unyoya. Mwaka jana nilipoteza wawili namna hiyo, na mwenye mbwa alishaondoka zamani.

Jambo la pili ni kinyesi. Watu wa mjini wanadhani porini ni mbolea. Kinyesi cha mbwa kinaweza kubeba kimelea kinachoitwa Neospora, ng'ombe akila majani yaliyochafuliwa anatupa mimba. Kuna minyoo ya tegu pia ambayo mbwa anaiacha malishoni, kondoo anaila, inakwenda kufanya malengelenge kwenye ubongo, mnyama anazungukazunguka mahali pamoja mpaka anakufa. Nimeona kwa macho yangu. Okoteni kwenye mfuko mwende nao, na msiuning'inize mtini. Sijui hiyo ya kuuning'iniza mtini ilianzia wapi.

Na mbwa wako apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Asiachwe kula ubongo wala matumbo mabichi ya mifugo akiyaokota, huko ndiko anakoitoa hiyo minyoo.

Dada Filimbi

Pole sana kaka Mchunga. Hili lilistahili kuwa juu kabisa ya uzi.

Swali moja kwako: tukikuta ng'ombe wametanda njiani na pembeni hakuna pa kupita?

Mchunga Mbuzi

Zungukeni mbali, dada, hata kama ni kupoteza nusu saa. Msipite kamwe kati ya ng'ombe na ndama wake. Mbwa awe kwenye kamba fupi, tembeeni taratibu, msipige kelele wala msikimbie. Ila ng'ombe akianza kuwajia kweli kweli, achia kamba. Anayemtaka ni mbwa, na mbwa atamkimbia vizuri kuliko wewe. Ukimkumbatia mbwa wako, mtakanyagwa wote wawili. Ni hapo tu ninaporuhusu afunguliwe 😄

Kipanga

Mimi shida yangu ni hiyohiyo ya kufungua. Wangu nikimfungua harudi. Nyumbani nikimwita anakuja mbio, porini nakuwa mgeni kwake. Nimfanye nini?

Dada Filimbi

Kipanga, niambie ukweli: ukiwa nje huwa unamwita wakati gani?

Kipanga

Tukitaka kuondoka.

Dada Filimbi

Basi ndiyo jibu lako hilo. Umemfundisha kwamba jina lake likiitwa porini, starehe imekwisha. Angekuja ningemshangaa.

Fanya hivi. Nunua kamba ndefu, mita 10, ifunge kwenye mkanda wa kifuani. Usiifunge kwenye kola ya shingo, maana akichomoka kasi na kamba ikaisha ghafla shingo ndiyo inayolipa. Vaa glavu au ishike kwa mikunjo mikubwa, ikikuteleza mkononi inachana ngozi. Kisha ndani ya saa moja ya matembezi mwite mara kumi. Akifika mpe kitu kitamu, mkune, halafu mwambie nenda, arudi kwenye shughuli zake. Mara tisa kati ya kumi, kuitwa kuwe ni zawadi na ruhusa ya kuendelea. Ya kumi ndiyo mfunge mrudi.

Filimbi ni bora kuliko sauti (jina langu halikuja bure). Inafika mbali, na haibadiliki. Sauti yako ukiwa na hofu au hasira inapanda, naye anaisikia, anaona bora abaki hukohuko mpaka upoe. Filimbi haina hasira. Na hata akichelewa dakika kumi, akija usimchape. Utakuwa umemwadhibu kwa kurudi.

Mpaka afaulu wiki kadhaa mfululizo kwenye kamba ndefu, hafunguliwi. Na penye mifugo hafunguliwi hata awe amefaulu vipi.

Mpita Njia

Nimepita tu. Mwacheni anuse jamani. Kuna watu wanavuta mbwa kama mkokoteni. Pua yake ina vipokea harufu hadi milioni 300, yako ina kama milioni sita. Ukimvuta atoke kwenye kichaka umemfungia gazeti ukurasa wa kwanza.

Mzee wa Vilima

Mpita Njia 👍 Hiyo ndiyo ile theluthi yangu ya ziada.

Narudi kwenye vifaa kama nilivyoahidi. Mkoba wangu mdogo wa huduma ya kwanza: kibano, bendeji ya kujishika yenyewe, chupa ndogo ya maji ya chumvi ya kuoshea jicho au kidonda, soksi mbili za mtoto, na shuka jepesi.

Soksi ni za mguu uliochanika au kuchomwa. Unaosha, unafunga bendeji bila kukaza, unavalisha soksi juu, anatembea mpaka kwenye gari. Shuka ni somo la Bosi: watu wawili mkilishika pembe nne mnambeba mbwa mzito mbali sana bila kuvunjika mgongo. Ningekuwa nalo siku ile, na mtu wa pili, nisingesimulia kwa uchungu hivi.

Dawa za maumivu za binadamu usibebe kwa ajili yake. Paracetamol na ibuprofen zinaweza kumuua, hata kama unaona unampa kipande kidogo.

Kabla hujamshusha mbwa kwenye gari weka mgongo wa kiganja chako ardhini sekunde 7. Ukishindwa wewe, na yeye hawezi. Hewa ikiwa nyuzi 25 tu, lami iliyopigwa na jua inaweza kufika 50. Na asibaki ndani ya gari "dakika mbili tu." Nje ikiwa nyuzi 24, ndani inafika 34 kwa dakika kumi, na 43 kwa nusu saa.

Chakula kingi asile muda mfupi kabla ya kutembea, hasa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu. Tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda. Ukimwona anajaribu kutapika hakitoki kitu na tumbo limevimba, usisubiri kesho, ni daktari saa hiyohiyo.

Mama Kibano

Hamjagusa kupe, na mimi jina langu linajieleza.

Mkirudi tu, kabla hamjaoga, kabla ya chai, mbwa akaguliwe. Usipitishe macho, pitisha vidole, taratibu, kinyume na manyoya. Ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, kinenani, chini ya mkia, na katikati ya vidole vya miguu, hapo ndipo kupe mdogo wa ukubwa wa mbegu ya ufuta anapojificha. Mimi namlaza wangu chali, nawasha tochi ya simu, inanichukua dakika kumi na tano. Anafurahi kweli, anadhani ni mapenzi.

Kumtoa: kibano kishike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja juu bila papara. Usimminye tumbo. Habari za kumpaka mafuta ya taa, au kumchoma na kiberiti, achaneni nazo. Kupe akiudhiwa anaweza kutapikia kwenye kidonda, na ndiko vimelea vinakopita. Vimelea vya babesia, vinavyoharibu damu ya mbwa, kwa kawaida vinahitaji kupe awe amenyonya siku moja, mbili, kwa hiyo ukimtoa jioni ileile umeshafanya la maana. Siku zinazofuata ukiona ufizi umepauka, mbwa hataki kula, na mkojo una rangi ya kahawa, mpeleke.

Wenye paka nyumbani: dawa za kupe za mbwa zenye permethrin ni sumu kali kwa paka. Nimeshuhudia paka wa jirani. Someni kibandiko.

Kipanga

Mama Kibano shikamoo. Na zile mbegu za nyasi zenye miba?

Mama Kibano

Marahaba mwanangu. Hizo mbaya. Zina miba iliyoelekea nyuma, zikiingia zinakwenda mbele tu. Sikio na katikati ya vidole. Mbwa akianza kutikisa kichwa ghafla au kulamba mguu mmoja bila kuacha, angalia hapo kwanza. Ukiiona yote, itoe. Ikishazama sikioni usichokonoe, muone daktari wa mifugo.

Askari wa Msitu

Uzi mzuri. Nina machache kwa waliopanga kwenda maeneo ya hifadhi.

Ulizeni kabla hamjawasha gari. Hifadhi nyingi za wanyama haziruhusu mbwa hata awe kwenye kamba, na si roho mbaya ya wahifadhi. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliohusishwa na mbwa wa kufugwa waliozunguka hifadhi, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Simba elfu moja hivi. Misitu ya hifadhi ya kawaida baadhi inaruhusu kwa kamba. Usikisie getini.

Chanjo ziwe kamili, hasa ya kichaa cha mbwa, na uwe na kadi. Mkikutana na mbwa wa mtaani au wa vijijini wasiojulikana, usimkaze wako kamba, kamba iliyokazwa inamfanya ajione amekamatwa na vita imeanza. Pindeni, ondokeni kwa mwendo wa kawaida. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kidonda kidogo kisikudanganye.

Na chipu iliyo shingoni mwa mbwa si GPS! Kila mwezi napata mtu anataka "tumtafute kwa chipu." Ile ni namba ya tarakimu 15 tu, inasomeka na mashine ikiwekwa karibu na ngozi. Kinachomrudisha mbwa haraka ni kibati chenye namba yako ya simu kwenye kola. Akipotea, acha fulana uliyoivaa pale alipotokomea, mmoja wenu abaki hapo. Wengi hurudi walikoachana na mwenyewe.

Mtoto wa Mjini

Wangu ana miezi mitano, naye naweza kumpeleka kilomita 9 za Mzee?

Dada Filimbi

Hapana kaka. Mifupa yake bado inakua mpaka karibu mwaka, jamii kubwa hata mwaka na nusu. Mpeleke mahali pa wazi, acha achague mwendo mwenyewe, akikaa kaeni. Ikifika nusu saa mrudi.

Kipanga

Wakuu, narudisha mrejesho, maana ni mimi niliyemuuliza Mzee swali la kilomita.

Tulikwenda leo. Nilipanga kilomita 6, tukatembea 4. Tulianza saa 12 na nusu asubuhi. Nilimwita mara kumi kama nilivyoelekezwa: nne za kwanza alinitazama kama mlevi, ya tano akaja, kuanzia hapo akawa anakuja kabla sijamaliza kupuliza filimbi, nikahisi anafuata nyama na si mimi. Kuna mahali tulikuta mbuzi kama thelathini, tukazunguka, mchungaji akanyanyua fimbo kutusalimia. Sijui kama alikuwa wewe, Mchunga Mbuzi.

Kwenye kilomita ya pili theluthi ya maji iliisha. Kilima kilikuwa mbele, kama dakika ishirini hivi, na wangu bado anavuta kamba kwenda. Ulimi nikauangalia, ulikuwa umeanza kupanuka kidogo kwenye ncha. Nikageuza. Alinigomea hatua chache hivi.

Nimekagua: kupe wawili, mmoja kwapani, mmoja kati ya vidole vya mguu wa nyuma wa kushoto. Sasa hivi amelala ubavu mlangoni, natakiwa kumruka nikitaka kwenda jikoni.

Mchunga Mbuzi

Sikuwa mimi, wangu ni arobaini na mbili. Lakini huyo aliyenyanyua fimbo nimemuelewa.